Musketia Watatu kwa wanaopenda kucheka: ya 1948, 1973, 1993 au 2011?

Kofia_ya_Manyoya (mwanzisha uzi)
Wakuu, salaam. Wapwa zangu wanakuja likizo, mkubwa ana miaka kumi na sita, mdogo kumi. Nataka tuangalie hadithi ya Mfaransa Alexandre Dumas, wale musketia watatu, askari walinzi wa mfalme, na kijana wao d'Artagnan, lakini iwe ya kuchekesha. Filamu za watu kununiana gizani sitaki. Nimepata nne: ya 1948 yenye Gene Kelly, ya 1973 ya Richard Lester, ya Disney ya 1993, na ya 2011 yenye meli zinazoruka angani. Anayezijua anipimie: ipi inachekesha kweli, na ipi mtu akipigwa upanga unaamini kapigwa? Mambo ya chumbani pia mnitajie mapema, dada yangu ni mkali.

Mzee wa Mikanda
Ya 1973, na usiishie hapo, kuna mwendelezo wake wa 1974, The Four Musketeers.

Watu hudhani Lester alichukua kitabu kizito akakifanyia utani. Kitabu chenyewe ni cha utani! Kilianza kutoka kwa vipande gazetini mwaka 1844, na sura ya kwanza tu kijana d'Artagnan anaingia mji wa Meung juu ya farasi wa manjano anayechekwa na kila mtu. Akifika Paris anawakwaza musketia wale watatu kwa mpigo na kujipatia miadi mitatu ya kupigana siku ile ile: Athos saa sita mchana, Porthos saa saba, Aramis saa nane. Huyo Porthos ana mkanda wa upanga uliotariziwa dhahabu mbele, nyuma ngozi tupu, ndiyo maana havui joho. Yote hayo ni ya Dumas. Mwandishi wa filamu, George MacDonald Fraser, alijua kuyaacha yalivyo.

Sasa mapigano. Aliyeyapanga ni William Hobbs, na humo upanga una uzito. Watu wanahema, wanateleza, wanatupiana viti na kupigana mateke. Kuna pigano la kwenye nyumba ya dobi, mashuka mabichi yakigeuzwa silaha. Kuna jingine la usiku, d'Artagnan na adui yake Rochefort, mtu wa kardinali, kila mmoja na taa yake mkononi, ukiifunika adui hakuoni lakini na wewe huoni. Na kuna lile la mkahawani ambapo musketia hawana hata senti, wanajifanya wamegombana ili katikati ya vurugu waibe kuku na mvinyo. Steringi wa kibanda umiza anamaliza watu kumi bila shati kutoka kwenye suruali. Hawa wanashinda huku wamechoka hoi, na hapo ndipo kicheko kilipo.

Dj_Kisogo
Mzee shikamoo, ila mtoto wa miaka kumi utamlaza usingizi. Mpe ya 1993. Kiefer Sutherland, Charlie Sheen, Oliver Platt, na juu ya wote Tim Curry kama Kardinali Richelieu. Curry anaigiza ubaya kwa raha mpaka unatamani ashinde. Platt kama Porthos anatia utani kila dakika. Hakuna hata dakika moja ya kusubiri. Na ule wimbo wa mwisho wa Bryan Adams, Rod Stewart na Sting, nani wa rika letu hakuuimba kwa Kiingereza cha kubahatisha?

Sataranji
Kaka Kisogo, Curry nakubali, mengine hapana. Disney wamemgeuza Richelieu msaliti anayetaka kumuua mfalme. Kwenye kitabu yule ni mtu wa serikali kuliko mfalme mwenyewe, na mwishoni ndiye anayempa d'Artagnan cheo. Halafu wakabuni kisa cha Rochefort kumuua baba yake d'Artagnan ili kijana awe na kisasi. Dumas hakuhitaji kisasi. Kijana alitukanwa kuhusu farasi wake, basi, imetosha kukimbizana na mtu kitabu kizima. Hilo linachekesha zaidi ya maiti ya baba.

Lakini na ya 1973 tuiseme. Raquel Welch kama Constance anaanguka, anajikwaa, anagonga vichwa vya watu, na kazi hiyo ilimpa tuzo ya Golden Globe, kwa haki kabisa. Shida ni kamera, inamtazama kifua kuliko uso. Na d'Artagnan analala na huyo Constance, mke wa mwenye nyumba wake, mume akiwa Spike Milligan, mzee wa kuchekwa. Haioneshwi waziwazi, lakini dada yako atauliza. Ya 1974 ndiyo nzito. Vicheko vinapungua, vita vya La Rochelle vinaingia, Milady wa Faye Dunaway anaacha kuwa mrembo wa hila anakuwa muuaji, na watu uliowapenda wanakufa. Kwangu hiyo ndiyo sifa yake kuu, ila si ya mtoto wa miaka kumi.

Kofia_ya_Manyoya
Nimekupata dada. Kwa hiyo mbili zile ni hadithi moja?

Mzee wa Mikanda
Marahaba Kisogo. Ndiyo, ni moja, na hapo kuna kisa. Zilipigwa kwa pamoja huko Hispania, waigizaji wakijua wanatengeneza filamu moja ndefu. Watayarishaji, Alexander Salkind na mwanawe Ilya, wakaikata katikati na kuuza mbili, malipo yakabaki ya moja. Waigizaji wakaenda na mawakili. Tangu hapo mikataba ya chama cha waigizaji Marekani ina kifungu cha kutaja unalipwa kwa filamu ngapi, na kinaitwa kwa jina la hao Salkind mpaka leo. Porthos mwenyewe asingefanya ujanja wa namna ile.

Nahodha254
Niaje wazee. Richard Chamberlain aliyekuwa Aramis hapo 1973 ndiye Allan Quatermain kwenye King Solomon's Mines ya 1985. Hiyo pia ni riwaya ya zamani, ya 1885, iliyogeuzwa vichekesho, walienda kupiga Zimbabwe. Kama mnafanya orodha ya wapwa, hiyo iacheni nje kabisa. Kuna sehemu Chamberlain na Sharon Stone wanatiwa kwenye chungu kikubwa kama nyumba, wapikwe na mboga zao. Lester anawacheka wakubwa, mfalme na kardinali na majoho yao. Wale wa 1985 wanatucheka sisi. Nilizima.

Sataranji
Umesema kweli, Nahodha. Na wazazi wetu walikisoma kitabu hicho kwa Kiswahili, Mashimo ya Mfalme Sulemani, hakuna chungu cha namna hiyo humo.

Dj_Kisogo
Sawa, tumtetee nani kwenye ya 2011? 😂

Nahodha254
Mimi nitajaribu kidogo. Christoph Waltz na Mads Mikkelsen wapo, nguo safi, na majumba ya Bavaria yanapendeza. Mapigano ya meli za angani watoto watayapenda. Lakini utani wake unasemwa kwa mdomo tu, hakuna anayechekesha kwa mwili.

Kofia_ya_Manyoya
Na Gene Kelly? Hakuna aliyemgusa.

Mzee wa Mikanda
Kelly ni mchezaji dansi, na pigano lake la kwanza ni dansi yenye upanga. Anaruka, anamchokoza adui, anamvua heshima kabla ya kumgusa. Dakika hizo chache huenda zinaishinda ya 1973 yote kwa wepesi, nasema hivyo na roho inaniuma. Baadaye filamu inataka kubeba kitabu kizima kwa saa mbili, inakuwa nzito, na Kelly wa huzuni si Kelly. Cha kuchekesha bila kukusudia ni kwamba studio iliogopa kuwaudhi Wakatoliki, ikamvua Richelieu ukardinali. Humo ni waziri mkuu tu, Vincent Price na masharubu yake.

Sataranji
Vipande vya Kelly huyo huyo vilitumika tena 1952 kwenye Singin' in the Rain, vimeondolewa rangi ili vionekane vya filamu ya bubu. Mpwa mkubwa akipenda, mwoneshe.

Ushauri wangu ni huu: Ijumaa 1993 na wote, Kisogo afurahi. Jumamosi 1973. Ya 1974 ngoja mdogo alale.

Kofia_ya_Manyoya
Na zile za Kifaransa za 2023, zenye Eva Green?

Nahodha254
Nzuri, ila matope na giza, ulivyokataa. Zitafute baadaye kwa jambo moja: Athos wa humo ni Vincent Cassel, na baba yake, Jean-Pierre Cassel, ndiye mfalme Louis yule mpumbavu wa 1973.

Dj_Kisogo
Na mdogo akigoma kulala Jumamosi usihangaike, Tim Curry yumo pia kwenye Muppet Treasure Island ya 1996, ni Long John Silver, na chura Kermit ndiye nahodha wa meli. Mweke chumba cha pili na hiyo.

Kofia_ya_Manyoya
Imepita. Chumba cha pili hakina runinga, itabidi simu yangu. Mzee, hiyo ya 1974 ina urefu wa saa ngapi?

Mzee wa Mikanda
Saa moja na dakika arobaini na kitu. Dada yako naye mwite akae, Milady atampenda.