Guangzhou siku tatu na mama mkwe: usafiri, chakula bila kitimoto, na pa kutembea

Pwani_Kwetu
Salaam wakuu. Mwezi wa tano naenda Guangzhou na mama mkwe wangu. Mzigo tumeshamwachia agenti, kwa hiyo tuna siku tatu za kutembea, siyo za kuzunguka masoko ya jumla. Hoteli iko mtaa wa Xiaobei. Kichina hatujui hata neno moja, na kitimoto hatuli. Mama ana miaka 67, miguu bado ina nguvu ila ngazi nyingi zinamsumbua. Naomba kujua: tutoke vipi uwanja wa ndege, tule wapi, na tuone nini. Tafadhali wekeni majina ya vituo na bei, "utafurahi tu dada" nimeshaambiwa na wengi.

KontenaMoja
Dada, kwanza tarehe. Maonyesho ya biashara ya Canton (jina la zamani la Guangzhou) ya msimu huu huisha Mei 5, na sikukuu ya Wafanyakazi ya China huangukia siku hizohizo. Hoteli zinapanda bei na treni zinajaa. Fikeni kuanzia Mei 7 hivi. Bebeni miamvuli, mwezi huo mvua ni ya kila mara na joto lake ni la kunata.

Kutoka uwanja wa ndege wa Baiyun metro inatosha. Ukitua Terminali 1 kituo chako ni Airport South, Terminali 2 ni Airport North, vyote Laini ya 3. Shukeni Jiahewanggang, hamieni Laini ya 2 inayoelekea kusini, shukeni Guangzhou Railway Station, hamieni Laini ya 5. Kituo kinachofuata upande wa mashariki ndicho Xiaobei. Nauli ni yuan 7 au 8 kwa mtu. Treni za mwisho ni kama saa tano usiku kwa saa za huko, ambazo ziko mbele ya zetu kwa saa tano.

Ila mna mama na masanduku, na kubadili treni mara mbili ni mwendo, hasa pale Guangzhou Railway Station. Kwa hali hiyo mimi ningelipa teksi: inaanzia yuan 12 kwa kilomita 3 za kwanza, na hadi Xiaobei ni karibu yuan 100, ukijumlisha ushuru wa barabara inazidi kidogo. Pangeni foleni rasmi ya nje. Anayekufuata ndani ya jengo akisema "taxi, taxi" mpite kimya. Jina na anwani ya hoteli muwe nayo kwa herufi za Kichina, dereva hatasoma zetu.

Tahadhari nyingine ya vituo: Guangzhou Railway Station, Guangzhou East na Guangzhou South ni stesheni tatu tofauti, mbalimbali kabisa. Treni nyingi za kasi ziko South. Ukimwambia dereva "stesheni" tu, umejitafutia kuachwa na treni.

Ramani_Mkononi
KontenaMoja kaeleza vizuri ila kaanzia katikati. Watu hawakwami kwenye metro, wanakwama kwenye simu. Haya yafanyike kabla ya kuondoka nyumbani:

Pakua Alipay, programu ya Kichina ya kulipia kwa simu, ujisajili kwa namba yako, upige picha ya pasipoti, kisha uunganishe kadi ya Visa au Mastercard. Muulize benki kama kadi imefunguliwa kwa manunuzi ya nje mtandaoni, maana nyingi huwa zimefungwa na hutajua hadi uko dukani. Kadi za kidijitali zisizo na plastiki wakati mwingine zinakataliwa, kwa hiyo kuwa na kadi halisi pia. Malipo ya hadi yuan 200 hayana makato ya Alipay. Yakizidi hapo wanakata asilimia 3 ya kiasi chote, na mahesabu ya benki yako ni kando.

Kosa linalowaumiza wengi: namba ya uthibitisho ya benki inakuja kwa meseji kwenye laini ya nyumbani. Ukiitoa laini hiyo simuni ukaweka ya Kichina, meseji haifiki, kadi haithibitiki. Iache ndani, washa huduma ya kutumia laini ukiwa nje. Na kuna faida ya pili: data ya laini ya nyumbani hupitia mtandao wa nyumbani, kwa hiyo WhatsApp na Google vinafanya kazi. Kwa Wi-Fi ya hoteli au laini ya Kichina havifunguki.

Ramani ya Google hata ikifunguka usiiamini kwa kutembea kwa miguu. China ina mfumo wake wa viwianishi vya ramani, na alama yako inaweza kuonekana mtaa mwingine, mita mia kadhaa pembeni. Tumia Amap, programu ya ramani ya Kichina, ina Kiingereza.

Ndani ya Alipay kuna sehemu ya usafiri inayotoa msimbo wa QR wa metro: unauonyesha kuingia na kutoka. Kila mtu awe na wake, msimbo mmoja haupitishi wawili. Mama kama hana simu ya kisasa, mnunulie tokeni mashineni. Ni duara dogo la plastiki: kuingia unaligusisha, kutoka unalitumbukiza. Mizigo yote hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi mlangoni, hata mkoba mdogo.

DiDi, ya kuitia teksi kwa simu, nayo imo humohumo ndani ya Alipay. Dereva atakuuliza tarakimu nne za mwisho za namba yako ya simu. Mwonyeshe tu kwenye skrini.

Fedha taslimu bado zinapokelewa ila chenji ni taabu. Weka noti za 10 na 20. Wabadilishaji wa barabarani waepuke, noti bandia ndipo zinapoingilia.

Pwani_Kwetu
Hilo la meseji ya benki hakuna aliyewahi kuniambia, shukrani sana. Sasa chakula jamani. Na je, zile vitafunwa za mvuke za asubuhi wanazosifia, tunaweza kula?

MlaTambi
Xiaobei mmefikia penyewe. Tafuteni herufi mbili, 清真, husomwa "qingzhen", maana yake halali. Mara nyingi ziko kwenye kibao cha kijani. Piga picha ya herufi hizo uiweke simuni.

Migahawa ya namna hiyo ni ya aina mbili hasa. Ya kwanza ni ya tambi za Lanzhou: zinavutwa kwa mkono ukitazama, kwenye mchuzi mweupe wa ng'ombe, na vipande vyembamba vya nyama, figili, giligilani na mafuta ya pilipili. Bakuli ni yuan 15 hadi 25 na linashibisha. Unaweza kuchagua unene: "xi" ni nyembamba, "kuan" ni pana. Mama asipotaka pilipili sema "bu yao la" kabla bakuli halijajazwa, maana ile pilipili wanamwagia mwishoni bila kuuliza.

Aina ya pili ni ya watu wa Xinjiang, jimbo la magharibi mwa China lenye Waislamu wengi. Huko utapata mishikaki ya kondoo yenye bizari, mkate wa tanuri, na "polo", ambayo ni ndugu wa pilau yetu, ila rangi na utamu wake vinatokana na karoti. "Da pan ji" ni sinia la kuku na viazi, na tambi pana huongezwa kwenye mchuzi. Msiagize kubwa mkiwa wawili, linatosha watu wanne.

Sasa vitafunwa vya mvuke, dim sum. Hapa nitakuwa mkali kidogo. "Siu mai" ni nguruwe, hiyo iko wazi. Watu wanajikwaa kwenye "har gow", ile ya kamba yenye ngozi ya kung'aa: wapishi wengi huchanganya vipande vya mafuta ya nguruwe ili kamba asikauke. Keki ya figili huwa na soseji ya nguruwe ndani. Andazi la yai la kuoka, ganda lake kwa kawaida ni la mafuta hayohayo. Hata uji mweupe wa wali mara nyingi umechemshiwa mifupa. Kwa hiyo "wo bu chi zhurou" (sili nyama ya nguruwe) itaondoa nyama, haitaondoa mafuta wala supu. Kama kwenu ni suala la dini, nyumba za chai za kawaida muingie kwa chai na matunda tu.

Lakini usikose "shuangpi nai", maziwa ya nyati yaliyogandishwa kwa ute wa yai na sukari, asili yake Shunde jirani. Kuna pia ya tangawizi, ambayo maji ya tangawizi peke yake ndiyo yanayogandisha maziwa. Mama ataipenda.

Mkiona meza ya jirani wanasuuza vikombe na vijiti kwa chai ya kwanza ya moto, ni desturi ya mji. Fanyeni vilevile, ile chai haikusudiwi kunywewa.

KontenaMoja
Pa kutembea, na ngazi nimezifikiria. Siku moja wekeni upande wa magharibi, yote yanaungana. Xiaobei, Laini ya 5, vituo viwili hadi Xicun, hamieni Laini ya 8, vituo viwili hadi Chen Clan Academy. Jumba la ukoo wa Chen lilijengwa 1890 hadi 1894, kiingilio yuan 10, na liko tambarare. Inueni macho: sanamu za udongo za kwenye paa ndizo kazi yenyewe. Kisha Laini ya 1, vituo viwili hadi Huangsha, mvuke barabara hadi Shamian, kisiwa kilichokuwa mikononi mwa Waingereza na Wafaransa tangu miaka ya 1860. Miti, mabenchi, bure. Mama apumzike hapo. Mkiwa bado na nguvu, Laini ya 6 hadi Yide Lu, kanisa kuu la mawe matupu liko jirani na maduka ya dagaa na uyoga mkavu.

Mnara wa Canton, mita 600, kuupanda ni kuanzia yuan 150, na siku ya mawingu mnalipia ukungu. Mwezi wa tano mawingu ni mengi. Shukeni Zhujiang New Town jioni, mtembee polepole uwanja wa Huacheng hadi mtoni, mnauona wote umewaka bila senti.

Hifadhi ya Yuexiu ina sanamu ya mbuzi watano, nembo ya mji, ila ni mlima na ngazi. Kwa mama ningeiruka. Ijumaa nendeni msikiti wa Xianxian ulio karibu na hapo, wageni wengi husali pale, na kutoka Xiaobei si mbali. Ule wa kale zaidi wenye mnara mweupe wa mita 36, Huaisheng, uko karibu na kituo cha Ximenkou.

Ramani_Mkononi
Mawili nimeyasahau. Viza ikiwa ya kuingia mara moja, msishawishike kwenda Hong Kong kwa siku moja: mkivuka mpaka mmetoka China, viza imekwisha. Na mkihama hoteli mkalala kwa mwenyeji, mnatakiwa kujiandikisha polisi ndani ya saa 24. Hoteli hukuandikisheni yenyewe, nyumba ya mtu haifanyi hivyo.