Commodore 64, PC ya 486 au Macintosh SE/30: nianze kufufua ipi?

Baiti_Mpya
Wakuu habari zenu. Nimekuwa nasoma humu kimyakimya kwa muda mrefu, leo naomba ushauri wenu. Kuna mzee anaondoa vitu stoo, na humo kuna kompyuta tatu ambazo hazijawashwa kwa miaka mingi. Uwezo wangu na nafasi ya chumbani vinatosha kwa moja tu:

– Commodore 64, ile ya mwanzo yenye kesi nene ya kahawia, pamoja na pawa saplai yake. Haina kiendeshi cha disketi.
– PC ya 486DX2 ya MHz 66, kesi ya kulala, haina kibodi.
– Macintosh SE/30 kamili, na kibodi na kipanya chake.

Kulehemu najua kiasi, nimetengeneza redio na chaja. Nina multimita, pasi ya kulehemu inayorekebishika joto, na pampu ya kunyonyea risasi. Osiloskopu sina. Nataka kujifunza ufundi wenyewe, sitafuti pambo la kabatini. Mngekuwa mimi, mngebeba ipi?

Fundi_Pini40
Karibu sana mkuu. Beba Commodore 64, wala usiwaze mara mbili. Ilitoka mwaka 1982, prosesa yake ya 6510 inakwenda karibu MHz 1, na bodi nzima unaweza kuielewa wikiendi moja ukiwa na mchoro wa saketi mkononi. Chipu zote ni za miguu mirefu inayopita kwenye matundu, hakuna vitu vidogo vya kukutoa jasho. Baadhi zimekaa kwenye soketi, unachomoa na kubadilisha bila hata kuwasha pasi.

Kingine ni RAM (kumbukumbu ya kazi). Bodi za mwanzo zina chipu nane za 4164, kila moja inabeba biti moja. Kuna katriji ya kupimia ambayo skrini ikiwa nyeusi tii inamulika mara kadhaa, na idadi ya mimuliko inakuambia chipu ipi imekufa. Kwa anayejifunza, hakuna mwalimu bora kuliko huyo.

ILA pawa saplai ya zamani USIICHOMEKE kwenye kompyuta. Narudia, usiichomeke. Inatoa volti 5 za DC na volti 9 za AC, na kidhibiti cha zile volti 5 kikichoka hakizimi, kinaachia volti zipande. Zikipanda, zinakwenda moja kwa moja kwenye RAM. Isitoshe imejazwa gundi ngumu ndani, huwezi kuifungua ukarekebisha kirahisi. Tafuta mpya au ujenge yako.

MamaDisketi
Karibu kijana wangu. Naheshimu sana alichosema Fundi_Pini40, lakini mimi ningebeba 486.

Kinachomkwamisha mtu wa mashine ya kwanza mara nyingi ni kipuri. Commodore inabebwa na chipu zake za pekee: VIC-II ya picha, SID ya sauti, PLA inayoamua chipu ipi iitike kwa prosesa. Hizo hazitengenezwi tena. Ikifa VIC-II, umeingia kwenye kutafuta chipu iliyochomolewa kwenye maiti ya Commodore nyingine, na hujui nayo ina uhai gani. Kwenye 486, kadi ya picha ikifa unachomeka nyingine yoyote ya ISA (aina ya sloti za kadi za PC za zamani). RAM, pawa saplai, kiendeshi cha disketi, vyote hivyo hivyo. Hata diski kuu ikigoma unaweka kadi ya CompactFlash na adapta ya IDE (kiunganishi cha diski kuu), mashine haitambui tofauti.

Angalia tu RAM ni ya aina gani. Zile SIMM (vijibao vya RAM) za pini 30 lazima uzijaze nne nne kwenye 486, kwa sababu kila moja inatoa biti 8 na prosesa inataka 32. Za pini 72 moja inatosha.

Risasi6040
SE/30 ya mwaka 1989 ndiyo mashine ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kufungua. Prosesa ya 68030, RAM unaweza kupandisha hadi MB 128 kwenye kijisanduku cha skrini ya inchi 9. Na kwa mapenzi hayo hayo nakuomba usianze nayo.

Ubao wake una kapasita ndogo za elektroliti zilizolehemiwa juu juu, nyingi zikiwa za mikrofaradi 47, nazo zinavuja. Sijui kama nimewahi kukutana na moja ambayo haijaguswa na haijavuja. Dalili ya kwanza huwa sauti kufifia, kisha siku moja unawasha unakuta skrini imejaa mistari badala ya picha. Kuzibandua kunataka mkono mwepesi, maana kile kimaji kimeshakula vipande vya shaba vilivyo chini yake. Ukivuta kwa pupa, kapasita inatoka na shaba yake.

Halafu kuna bomba la picha, lenye maelfu ya volti, na linaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Mtu ajifunze kwanza kulitoa chaji kwa kumtazama anayejua.

Sasa sikia, kabla ya kubishania majina, rudi kwa huyo mzee uombe kufungua zote tatu. Tazama betri. SE/30 ina betri ya lithiamu ya volti 3.6 kwenye ubao. Ikipasuka humo ndani, inakula ubao na kiunzi cha chuma pamoja. 486 nyingi zina pipa dogo la nikeli-kadimiamu, mara nyingi la buluu au kijani, karibu na soketi ya kibodi. Commodore 64 haina betri kabisa, na hiyo ni heri kubwa kwake. Kwa SE/30 chukua bisibisi ya T15 yenye shingo ndefu, skrubu mbili ziko ndani kabisa ya shimo la mpini.

Stoo_ya_Bodi
Nakazia la betri. Nimepoteza bodi mbili nzuri za 386 kwa kusema "nitaitoa wiki ijayo". Hata kama humalizi biashara leo, muombe mzee ruhusa uikate hiyo betri hapo hapo. Kuvuja kunaendelea mashine ikiwa imelala.

Baiti_Mpya
Nimerudi kutoka kwa mzee. Ameniruhusu kufungua zote, na alikaa pembeni akinimulikia tochi, Mungu ambariki.

Commodore: ndani kusafi, vumbi tu. Nilipima pawa saplai peke yake kwenye plagi, pini 5 na pini 2, ikasoma 5.7. Nikaiacha dakika ishirini, ikafika 6.1. Sikuichomeka. Ila mzee anakumbuka kwamba mara ya mwisho ilipotumika skrini ilikuwa nyeusi.

SE/30: betri bado nzima, nimeitoa. Kapasita zimevuja kama alivyosema Risasi6040. Risasi inayozizunguka imefubaa na kuna harufu kama ya samaki.

486: pipa la buluu limevuja. Kuna ukoko wa kijani na mweupe kuanzia kwenye betri hadi soketi ya kibodi, na umegusa sloti ya kwanza ya ISA. Nimelikata na mkasi wa waya. Moyo umeniuma, maana ndiyo niliyokuwa nimeanza kuipenda.

Fundi_Pini40
Umeona hiyo 6.1? Hapo ndipo RAM ilipofia, naweza karibu kuapa. Bado nasema Commodore. Ndani ni safi, RAM zinapatikana. Hiyo 486 ina kidonda.

MamaDisketi
Kidonda ndiyo, lakini kinaonekana, na hapo ndipo ninapotofautiana nawe ndugu yangu. Skrini nyeusi ya Commodore inaweza kuwa RAM, PLA, VIC-II, prosesa, au vyote pamoja baada ya kupigwa volti 6. Kijana hana osiloskopu wala chipu nzima za kubadilishia ili ajue. Ile katriji yenyewe inahitaji prosesa, PLA na VIC-II viwe hai ndipo imuambie kitu.

Bodi ya 486 kwa kawaida ina tabaka nne, na mbili za ndani ni za umeme na ardhi. Njia za mawimbi ziko juu na chini, mahali jicho linapofika. Alichokula betri atakiona kwa lenzi na kukithibitisha kwa mlio wa multimita. Hiyo ni kazi ya subira, na vifaa vyake anavyo.

Kitakachoniondoa kwenye msimamo huu ni kimoja: kama ukoko umeingia chini ya soketi ya prosesa. Je, umefika huko?

Baiti_Mpya
Hapana mama, umeishia sloti ya ISA ya kwanza. Basi nimeamua, nabeba 486. Mzee amesema Commodore ataniwekea.

Risasi6040
Uamuzi mzuri. Nenda hivi, usiruke hatua.

Uvujaji wa nikeli-kadimiamu ni wa alkali, kwa hiyo unautuliza kwa siki nyeupe. Paka kwa mswaki, utaona povu dogo, ngoja, futa, rudia mpaka povu liishe. (Siki hiyo usije ukaipeleka kwa betri ya lithiamu ya Macintosh; uvujaji wake ni wa asidi.) Suuza kwa maji safi, kisha alkoholi ya isopropili, kisha kausha kabisa. Mtu asikuambie dakika kumi. Acha siku nzima.

Ng'oa soketi ya kibodi hata kama inaonekana nzima. Uchafu unajificha chini yake. Pale shaba ilipogeuka nyeusi, kwangua taratibu mpaka ing'ae, kwa sababu risasi haishiki shaba nyeusi hata uweke flaksi (dawa ya kulehemia) kiasi gani. Kisha pima kila njia, mwanzo hadi mwisho, uandike kwenye karatasi.

Stoo_ya_Bodi
Na siku ya kuunganisha umeme: pawa saplai ya AT (aina ya PC za zamani kama hii) ina plagi mbili za bodi, P8 na P9, na zote mbili zinaingia upande wowote. Waya nyeusi zikutane katikati. Ukizigeuza, kazi yote ya siki imekwisha. Pima pia kama kuna shoti kati ya volti 5 na ardhi, halafu volti 12 na ardhi. Kapasita za tantali hupenda kufa kwa shoti.

Baiti_Mpya
Wiki tatu baadaye, naleta mrejesho.

Baada ya siki na alkoholi nilikuta njia tano zimekatika. Nne nilizirudisha kwa waya mwembamba wa vanishi, nikikwangua ncha kwa wembe. Ya tano ilikuwa inazama kwenye tundu la kupitishia kwenda upande wa pili. Tundu lenyewe lilikuwa limeliwa ndani, kwa juu limebaki kama kipele cha kijani. Nilipitisha waya katikati ya tundu nikalehemu pande zote mbili.

Niliwasha nikiwa na prosesa, RAM na kadi ya picha tu. Skrini ikawaka, ikahesabu kumbukumbu, kisha ikasema kibodi haipo. Nilikuwa nimeazima kibodi nzima, naijua inafanya kazi. Nikapima soketi: pini 4 ni ardhi sawasawa, pini 5 ilitakiwa kuwa na volti 5, ikasoma sifuri. Nikafuata njia yake nyuma nikakuta fyuzi ndogo kama punje ya mchele, ambayo nilidhani ni rezista. Mguu mmoja ulikuwa umeoza, umekaa pale kwa mazoea tu. Nimeweka fyuzi mpya.

Jana usiku nimebonyeza F1, ikaitika. Disketi ikazunguka na ule mkoromo wake, na herufi A ikatokea na kishale kinachopepesa. Nimempigia mzee simu asikie mlio wa disketi.

Sasa kila nikizima inapoteza saa na mipangilio yote ya CMOS (kumbukumbu ya mipangilio inayotunzwa na betri). Nina betri ya CR2032 na kishikizio chake. Naweza kuilehemu pale pale pipa la zamani lilipokuwa?

MamaDisketi
Hongera sana, hiyo fyuzi imeangusha wengi.

Usiilehemu pale hivi hivi. Pipa la zamani lilikuwa linachajiwa na bodi, na CR2032 haichajiwi, inaweza kuvimba na kupasuka. Una njia mbili. Tazama karibu na pale kama kuna pini 4 zimepangwa mstari, kwenye bodi nyingi hiyo ni ya betri ya nje. Iunganishe hapo na uhamishe kijampa (kikofia kidogo kinachounganisha pini mbili) kama kijitabu cha bodi kinavyosema. Kama haipo, weka diodi ya Schottky mfululizo na betri, mstari wake ukielekea bodi, ili umeme utoke na usirudi. Diodi ya kawaida inakula volti nyingi mno kwa betri ya 3.

Na kwa vyovyote vile, iweke kwenye waya mrefu, betri yenyewe ikae mbali na bodi, ibandike kwenye ukuta wa kesi.

Baiti_Mpya
Pini 4 zipo, nimeziona. Naanza sasa hivi.

Fundi_Pini40
Ukimaliza, kaichukue ile Commodore kabla mzee hajabadili mawazo. Ninazo 4164 nane za kukupa.