Kiangazi kikikaza Malindi, nyasi za gofu zinyweshwe au ziachwe zikauke?

Mkaazi wa Shela:
Assalamu alaikum jamaa. Barazani kwetu jambo hili limeshazua kelele, nalileta hapa tulipasue. Uwanja wa gofu wa ufukweni una haki gani juu ya maji wakati wa ukame? Simlengi mtu wala uwanja fulani. Nasema viwanja vya aina hiyo, kuanzia huku kwetu hadi Diani.

Msimamo wangu ni kwamba uwanja ubaki, lakini mji ukiwa na kiu nyasi zisipewe maji matamu. Milimita 1 ya maji juu ya hekta 1 ni lita 10,000. Jua la Januari na Februari, kaskazi ikivuma, nyasi inataka kama milimita 5 kwa siku. Ukinywesha hekta 20 tu, hiyo ni lita milioni 1 kila siku, yaani mitungi 50,000 ya lita 20. Kijana anayesukuma mkokoteni wa maji Maweni hahitaji kuelezwa maana yake.

Najua jibu linalokuja: "Tuna kisima chetu." Chako ni mdomo wa kisima tu. Chini huko kwenye mchanga na matumbawe, maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari, na wataalamu wanakadiria kuwa ya juu yakishuka mita 1, ya chumvi hupanda kama mita 40. Pampu ikivuta usiku kucha, atakayeonja munyu kwanza huenda akawa jirani mwenye kisima cha ndoo. Sheria ya Maji ya 2016 inataka kibali cha kuvuta maji, sawa. Chumvi haisomi kibali.

Tusisahau tulikotoka. Mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022 misimu 5 ya mvua ilifeli mfululizo katika sehemu kubwa ya kaskazini na mashariki mwa nchi. Kisha vuli ya 2023 ikaja El Niño, tukaanza kuogelea.

Fundi wa nyasi:
Wa alaikumu salaam. Hesabu yako sawa, ila fundi gani ananywesha kila mahali? Tunaanza na grini, ile nyasi fupi inayozunguka shimo la mpira. Grini zote 18 ukizijumlisha hazizidi sana hekta 1. Kwingine kote nyasi ikigeuka kahawia haijafa, imelala. Wachezaji watanung'unika, mpira utabiringika mbali zaidi, basi.

Shida ni hilo neno lako la kutotoa maji matamu kabisa. Viwanja vingi vya baharini duniani sasa vinapanda paspalamu, nyasi inayovumilia chumvi, na watu wanadhani utaimwagia maji ya bahari ukalale. Kuvumilia si kupenda! Kusi ikivuma wakati wa bamvua, maji yakijaa kupita kawaida, asubuhi unakuta ncha za majani zimeungua na kuna unga mweupe juu yake. Usiposuuza udongo mara mojamoja kwa maji yasiyo na chumvi, unajikusanyia maradhi. Masika ikija inakusuuzia bure. Isipokuja, je?

Na mvua ikizidi ni balaa jingine. Tope laini likitua juu ya grini linaziba mchanga. Kata kipande kwa kisu: inchi mbili chini kuna mstari mweusi unanuka yai viza. Hapo mizizi haipati hewa. Dawa yake ni kutoboa, kutia mchanga safi na kungoja. Ukiimwagia zaidi kwa sababu imekuwa njano, umeizika.

Mama Kedi:
Wanaume mnaongea majani. Mume wangu ni kedi, hubebea wachezaji mifuko ya gofu; uwanja ukifungwa wiki mbili sisi hatupiki. Mnaotaka ufungwe semeni pia nani atalipa karo.

Mvuvi mstaafu:
Mama, hakuna aliyesema ufungwe. Mimi langu ni bahari. Hifadhi ya bahari ya Malindi ipo tangu 1968, na mbolea ya dukani ikitiwa kabla ya mvua kubwa inaishia kwenye matumbawe. Atie kidogo kidogo, na asitie mawingu yakishakaa. Najua mtaniambia tope la Sabaki ni baya zaidi. Ni kweli, kaskazi ikivuma linashuka mpaka kwetu jekundu. Mzigo wa mto haumpi mtu ruhusa ya kuongeza wake.

La pili ni ukuta. Bamvua ikila kingo ya shimo la gofu lililo ufukweni, tajiri hujenga ukuta. Wimbi likigonga linarudi na mchanga wa miguuni pake, na pale ukuta unapoishia linamchimba jirani. Jirani ni diko letu, pale tunapoegesha vyombo.

Mkaazi wa Shela:
Mzee, hapo kwenye ukuta niko nawe moja kwa moja. Montrose huko Uskoti wanacheza gofu tangu karne ya 16, na bahari inazidi kuwamegea uwanja. Shimo lililo ukingoni lisogezwe bara, mvinje na mitambaazi ya mchanga iachwe ishike kingo. Kukata nyasi mpaka ukingoni ili mgeni aone mawimbi ni ufahari wa kijinga.

Fundi, hekta 1 ya grini kwa milimita 5 ni lita 50,000 kwa siku. Bado ni mitungi 2,500. Kwa hiyo narekebisha pendekezo: ukame ukitangazwa, grini peke yake, na maji yawe ya hoteli yaliyokwisha tumika na kusafishwa. Mama Kedi, kazi ya mumeo haiguswi hapo.

Fundi wa nyasi:
Ya hoteli nayakubali, mradi yapimwe chumvi kila wiki. Hoteli nyingi zina visima vyenye munyu, na kusafisha taka hakuondoi munyu. Akiba ya mvua ya masika ihifadhiwe kwenye bwawa ndani ya uwanja kwa ajili ya kusuuza. Bwawa hilo nani atalichimba, klabu au kaunti?

Mvuvi mstaafu:
Klabu. Kaunti itengeneze mabomba ya Muyeye kwanza.