Mbayuwayu wamesepa huku Ulaya, tupeane uzoefu wa siku ile unakuta waya mtupu

Mtunza_Wazee (Rostock)
Wakuu habari za jioni. Leo nimetoka shifti ya asubuhi kule nyumba ya wazee, nimesimama kituoni nangoja basi, kuangalia juu waya mtupu. Juzi tu walikuwa wamejipanga pale kama shanga, wanasukumana, wanabishana, leo hamna hata unyoya. Kuna bibi mmoja namhudumia, ana miaka tisini na kitu, jina langu analisahau kila siku lakini siku mbayuwayu wakiondoka anaiandika kwenye kalenda ya jikoni. Nikamwambia bibi wameenda. Akaniuliza "na wewe je?" Nikacheka tu, nikaenda chooni kunawa uso. Aliyewahi kupatwa na hii kitu asimulie nisijione chizi.

dada_Leeds
Sio chizi. Wa kwangu walisepa Jumanne niko kazini, hata kuaga sikuaga.

MzeeWaKubisha
Kwanza tuwekane sawa. Wale wanaoondoka mwanzoni mwa Agosti ni teleka, sio mbayuwayu. Teleka ndo wale wanapiga kelele kuzunguka maghorofa, mabawa kama mundu. Mbayuwayu ana mkia wa panda na koo jekundu, huyo anasubiri mpaka Septemba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund kule Sweden walieleza mwaka 2016, teleka waliofungwa vifaa vidogo mgongoni, kuna waliokaa hewani miezi kumi bila kutua. Kula huko huko, kulala huko huko.

dada_Leeds
Mzee mtu analia we unaleta mkia wa panda

MzeeWaKubisha
Alie, ila amlilie ndege sahihi.

kijanaWaVoi
Nyinyi mnalia huko, huku sisi ndio tunawapokea. Mimi nishawahi kupata kibarua Ngulia, Tsavo Magharibi, ile loji iko juu ukingoni. Mwezi wa kumi na moja hivi na wa kumi na mbili, usiku ukiwa hauna mwezi na ukungu umeshuka, ndege waliotoka Ulaya na Asia wanapotea wanafuata taa za loji, wanashuka tu kama wamemwagwa. Kazi ya kuwavisha pete miguuni inafanywa pale tangu 1969, wanategwa na nyavu, wanapimwa, wanaandikwa, wanaachiliwa. Usiku wa kwanza nikapewa mmoja nimshike. Karangi ka udongo hivi, ukikapita njiani hugeuki, uzito hakuna, ni kama umeshika joto na moyo unaogongagonga ndani ya ngumi. Nikajiuliza haka kametoka wapi na hii miguu ya njiti.

BiMkubwaTanga
Na wakishafika huku tunajua mvua za vuli zi karibu. Mwanangu alinipigia simu mwaka wa kwanza alipokwenda huko, ati mama huku ni vuli. Nikamwambia basi panda mahindi.

MkamuaNg'ombe (Jutland)
Ngoja na mimi niseme, hii sijamwambia hata mke wangu. Mwaka huo niko kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huku Denmark, kibali changu kinaisha Desemba na bosi hajasema ataniombea kingine au vipi, kila siku ananisalimia vizuri na hiyo ndo ilikuwa inanitisha. Kwenye zizi la mitamba kulikuwa na viota vya mbayuwayu kwenye boriti, vya udongo, kama kikombe kilichokatwa nusu kikagandishwa. Wote walishaondoka, kasoro kiota kimoja juu ya taa, wale walichelewa, ilikuwa uzao wa pili au wa tatu sijui, Septemba inafika katikati vifaranga wanne bado wanachungulia na midomo ya njano. Bosi akasema wiki hii zizi linaoshwa kwa presha, kuna wakaguzi wanakuja, milango mikubwa ifungwe usiku. Nikamwonyesha kiota. Akasema ndege wapo wengi.

Sasa mimi kukamua kunanishika mpaka saa tatu asubuhi ndo naenda kufungua kule kwa mitamba, na mama yao anaanza kuingiza wadudu kukipambazuka tu. Nikawa nafunga mlango naacha upenyo wa viganja viwili. Siku mbili salama. Siku ya tatu saa tisa usiku simu inalia, jirani, Kidenishi cha kasi sijaambulia kitu ila neno ng'ombe nimelisikia. Nikatoka na gambuti bila soksi. Mlango uko wazi wote, wameusukuma kwa pua. Zizi la mitamba kumi na wanne, nao wako kwenye mahindi ya jirani, giza totoro, unasikia tu kraa kraa wanavunja mabua, na barabara ya malori iko pale pale. Bosi kaja na tochi, hasemi neno. Watu wa huku akinyamaza bora angekutukana. Tukawaswaga, tukahesabu mpaka jua linatoka, kumi na watatu. Nikarudi zizini nikakalia ndoo, nikajua basi, kibali kimekwenda, nyumba niliyoanza kupaua Morogoro imekwenda, ada za watoto zimekwenda. Na pale juu wale vifaranga wanapiga makelele wanataka kula. Nikawatukana, haki ya Mungu, mmoja mmoja.

Ijumaa yake wakaruka. Siku tatu nne wanazunguka nje, usiku wanarudi kulala kiotani wamebanana, halafu asubuhi moja hamna.

dada_Leeds
Mtamba wa kumi na nne yuko wapi???

Fundi_Hamburg
Kaka ungetoboa tu katundu juu ya dirisha, mlango ukafunga kama ulivyoambiwa.

MzeeWaKubisha
Atoboe ukuta wa bosi? Kiota angekihamishia nje kwenye boksi.

Fundi_Hamburg
Ukikihamisha mama hakioni, umewaua wote. We unajua mikia tu.

Mtunza_Wazee (Rostock)
Jamani uzi umetekwa na ng'ombe. Ila mmenikumbusha, hapa Rostock chuo kikuu wanaye korongo mkavu wa mwaka 1822, walimpiga risasi karibu na Klütz wakakuta ana mkuki umempita shingoni, wa urefu kama sentimita 80, mti wa Afrika. Karuka nao mpaka huku. Kabla ya hapo wazungu walikuwa wanabishana hawa ndege baridi wanajificha wapi, wengine wanakwambia mbayuwayu wanalala kwenye tope chini ya maji. Nilisimama mbele ya kile kioo mpaka mlinzi akaja kuniangalia.

BiMkubwaTanga
Kastahimili mkuki safari nzima, kufika akapigwa risasi. Lahaula.

Fundi_Hamburg
Na aliyerusha mkuki akalala bila mboga ili Wajerumani waelimike

kijanaWaVoi
Ndio nasema hao ni ndege wetu, huko wanakuja likizo tu.

MzeeWaKubisha
Kwao ni wanakotagia. Huko kwenu wanafuata chakula.

Fundi_Hamburg
Binti yangu kazaliwa Hamburg. Kwao wapi?

MzeeWaKubisha
Sasa hapo umeingiza mambo mengine.

Fundi_Hamburg
Ni hayo hayo mzee

dada_Leeds
Mtunza nunua ile taa ya mwanga mkali ya kupunguza huzuni ya miezi ya giza, unaiwasha asubuhi unapokunywa chai. Na vitamini D usiache. Mi nilichelewa kuanza mwaka juzi nikawa nalia mpaka kwenye foleni ya supamaketi.

BiMkubwaTanga
Taa ya nini, akate tiketi.

Mtunza_Wazee (Rostock)
Bi mkubwa umeona bei za Desemba?

BiMkubwaTanga
Njoo Machi mwanangu. Wao wanarudi, we unakuja, mtapishana hukohuko juu.

dada_Leeds
Jamani MTAMBA

MkamuaNg'ombe (Jutland)
Samahani nilikuwa nakamua. Kibali nilipata, mahindi ya jirani nikakatwa miezi mitatu. Mtamba alikuwa zizini muda wote, kalala kwenye kona nyuma ya majani. Hakutoka kabisa.