Mwalo mmoja, majina manne: acheni kujibunia sifa za noti!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha.

Tuna kikundi cha wauza dagaa hapa Mwanza. Mzigo tunauchukua Kirumba Mwaloni na kwenye mialo (sehemu za kushushia samaki) ya visiwani, Ukerewe na Ukara huko. Kumbukumbu zetu zote ziko kwenye programu ya noti, ile aina inayohifadhi kila noti kama faili la maandishi matupu. Kila mzigo una noti yake, na juu kabisa, katikati ya vistari vitatu na vistari vitatu, zinakaa sifa zake: mwalo, tarehe, saa, ukaushaji, uzito, bei. Tulikaa kikao, tukakubaliana majina hayo, hakuna aliyepinga.

Leo nikitafuta dagaa wa chanja (walioanikwa juu ya jukwaa, si mchangani) waliotoka Ukara, sehemu kubwa ya mizigo haiji. Noti zipo, hazijafutwa. Ila mmoja kaandika "mwalo", mwingine "mialo", mwingine "mahali", na kuna ndugu yetu kaamua "imetoka_wapi". Jamani! Sisi tunaelewa kuwa ni kitu kilekile. Programu inaona sifa nne zisizohusiana, na nikiuliza "mwalo" inaniletea "mwalo" tu.

Ndani ya sifa napo vurugu: "chanja", "chanjani", "kwenye chanja", "juu ya chanja". Hivi mnajua sifa ile iliwekwa kwa nini? Dagaa aliyeanikwa mchangani anakuja na mchanga wake, wa chanja ni msafi, na bei zao hazifanani. Mteja akiniuliza wa chanja wamebaki kiasi gani, sina jibu la kumpa mpaka nifungue noti moja baada ya nyingine. Huo ndio uchungu wangu, kwa sababu ni hela ya kikundi kizima.

Tarehe ndiyo inanimaliza kabisa. 05/03 ni tarehe 5 Machi au 3 Mei? Simu nyingine zimepangwa Kimarekani, mwezi unatangulia, na mtu ananakili anachokiona. Kuna kanuni ya kimataifa, ISO 8601: mwaka, mwezi, siku, yaani 2025-03-05. Ukiandika hivyo, hata programu ikizipanga kama maneno ya kawaida bado zinafuata kalenda. Dagaa wanavuliwa kwa taa wakati wa giza, mbalamwezi ikiwa kali kazi inalala. Nitalinganishaje giza la mwezi huu na la mwezi uliopita kama tarehe zenyewe zimeruka huku na kule?

Na saa! Mtu anaandika "saa: 2". Ya asubuhi au ya usiku? Mwenzake kaandika 20:00 akimaanisha saa mbili ileile ya usiku. Kikundi kiamue moja. Mimi nasema 20:00, kwa sababu programu haihesabu saa kwa Kiswahili.

Uzito sitauzungumza sana. "Kilo 40" si namba, "ndoo 3" si namba, na "45,000/=" kwenye bei si namba. Ukiiacha sifa kama maandishi, 100 inaweza kupangwa mbele ya 20 kwa kuwa 1 inatangulia 2. Andikeni tarakimu tupu, kipimo kiwe na sifa yake.

Sasa nije kwa waliotengeneza programu, maana nao wana lao. Nikisema uzito ni namba, mtu akiandika "kilo 40" inaweka alama ya onyo halafu inapokea! Onyo la nini kama mlango uko wazi? Mbaya zaidi, ukianza kuandika jina la sifa inakupendekezea yaliyowahi kutumika, hata yale ya makosa. "Imetoka_wapi" ya mtu mmoja sasa inapendekezwa kwa kikundi kizima. Na hakuna pa kuagiza kwamba ukaushaji ukubali maneno mawili tu, chanja au mchanga. Jina la sifa naweza kulibadilisha kwenye noti zote kwa mkupuo, sawa, lakini yaliyoandikwa ndani yake nayasafisha kwa mkono.

Kuna wanaoniambia, "si utafute tu neno Ukara?" Nikitafuta Ukara naletewa na kila noti iliyoandikwa kuwa boti ilipita Ukara au mvua ilinyesha Ukara. Sifa ziliwekwa ili kutenganisha hayo.

Kuanzia sasa kwetu noti mpya inaanzia kwenye kiolezo chenye sifa zote tayari, mtu anajaza tu. Maelezo yenye nukta mbili katikati, mfano "mzigo wa pili: umelowa", yawekwe ndani ya alama za kunukuu, la sivyo Yaml, yaani lugha ambayo sifa hizo zinaandikwa, inadhani umeanza sifa nyingine na sifa zote za noti hiyo zinagoma kusomeka. Na hakuna kuongeza sifa bila kuuliza.

Wenye vikundi vikubwa kuliko chetu nijibuni hapa: nani kwenu ana ruhusa ya kuongeza sifa mpya, na mnamzuiaje anayeandika kwa simu akiwa mwaloni, mzigo unashushwa na hana muda wa kufikiri? Na mwenye skripti (programu fupi) ya Python inayokagua noti zote na kutaja zilizokiuka orodha, aiweke hapa. Nakala ya akiba ya noti zote ninayo tayari.