Naomba ushauri: Golf GTI Mk5 au Swift Sport?

Habari wakuu. Natafuta hachibaki (gari dogo la mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu) iliyotumika, gia za mkono, tamu kwenye kona. Zimebaki mbili: Volkswagen Golf GTI Mk5 (kizazi cha tano) ya lita 2.0 yenye turbo, farasi 200, na Suzuki Swift Sport ya lita 1.6 isiyo na turbo, farasi 125 hivi ila nyepesi.

Golf nimeiwasha ikiwa baridi: haitoi moshi, klachi inashikia juu kidogo. Hofu yangu ni kile kikombe kidogo cha chuma kati ya kemshafti (shafti inayofungua valvu za injini) na pampu ya petroli ya presha. Kikitoboka kinakula kemshafti, na muuzaji hana rekodi ya kukikagua. Pampu inafunguka kwa skrubu tatu tu, kwa hiyo amekubali tuitoe. Swift imechoka bushi za mbele, basi.

Nikikuta ule utando mweusi unaofunika juu ya kikombe umelika lakini hakijatoboka, nibadilishe kikombe peke yake au niikimbie? Na aliyeendesha zote: Swift inachosha barabara kuu?