Kuchora kwenye kipindi cha kusoma na kuandika darasa la pili, mnafanyaje wenzangu?

Ticha Lindi vijijini
Habarini wadau. Nina darasa la pili, watoto 87, wengi nyumbani ni Kimwera tu. Nikiwasomea hadithi wanaifurahia mpaka wanasimama, ila nikisema haya andikeni sentensi tatu, kimyaaa, wanatafuna penseli au wananakili ubao mpaka tarehe. Juzi hadithi ilikuwa ya sungura na kisima, walipomaliza kuandika nikawaambia wachore, karibu wote wamechora nyumba na bendera! Na mwenzangu mmoja anasema kuchora ni kupoteza muda, hawa wanatakiwa KKK, yani kusoma, kuandika na kuhesabu. Kuna anayechanganya na ikamsaidia kweli? Rangi hatuna.

Binti Mikindani
Pole ticha. Kuchora umekuweka mwisho kama zawadi, mi nakuweka mwanzo, yani mtoto anachora kwanza halafu anaandika kile alichochora. Karatasi nakunja mara mbili, ukikunjua inakuwa na vyumba vinne, kila chumba tukio moja la hadithi. Halafu napita nauliza "hapa kuna nini?" akijibu kwa Kimakonde namwacha amalize ndo nampa neno la Kiswahili aliandike. Kuna mtoto alisiliba mkaa chini ya karatasi nikadhani kaharibu, kumuuliza akasema hicho kivuli cha fisi, fisi mwenyewe hajafika bado. Akaandika "kivuli kimefika fisi bado". Ile sentensi nisingeipata kwake kwa imla hata mwaka mzima, nimeitunza mpaka leo.

Mwana Newala
Rangi zipo ticha, mkaa, udongo mwekundu, bizari, majani ya kisamvu ukiyasugua kwenye karatasi yanatoa kijani. Ila TAFADHALI maganda ya korosho mabichi wasiyaguse, yale mafuta yake yanababua ngozi, na watoto wanapenda kuokota kila kitu.
Na vinyago je? Mi niliazima kimoja cha ujamaa, si unavijua vile watu wamebebana kwenye gogo moja la mpingo, nikakiweka mezani. Nani yuko juu ya nani, nani katikati, nani kamshika mwenzake mguu? Juu ya, chini ya, kando ya, katikati ya, nilivifundisha wiki nzima ubaoni havikuingia, kwa kinyago vikaingia siku moja.

Mdau wa Kilwa
Nakubaliana ila nina angalizo, wapo watoto wanajificha kwenye mchoro, anachora vizuuuri na neno haandiki. Mi sharti langu mchoro bila maneno haujaisha, kila kitu kipigiwe mshale na jina lake.
Halafu isiwe sungura na fisi kila siku. Hapo hapo Lindi kuna kilima cha Tendaguru, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria, wale mijusi wakubwa wa kale, 1909 mpaka 1913, mmoja kasimamishwa makumbusho ya Berlin, kimo chake karibu mita 13. Niliwasomea sentensi nne tu za maelezo bila kuwaonyesha picha, wakachora walichosikia, ndo nikawaonyesha picha kwenye simu. Hapo sasa wanabishana "ticha si ulisema shingo ndefu, huyu kachora fupi", wanataka niwasomee tena. Kusikiliza kwa makini ndo huko. Tukatoka nje tukapima mita 13 kwa kamba, wakalala chini mmoja mmoja kwenye mstari kuona wanaenea wangapi.

Ticha Lindi vijijini
Asanteni sana jamani, leo nimejaribu ya Binti Mikindani, nimewagawa wanne wanne, kila kundi karatasi ya kalenda ya zamani upande mweupe, kila mtoto na chumba chake. Kelele zilikuwepo siwafichi na makundi mawili hayakumaliza. Lakini yupo mmoja tangu Januari haandiki chochote zaidi ya jina lake, kachora kisima na ndoo imepinduka, chini kaandika "maji yamesha". Sijamsahihisha kwanza, nimemwambia awasomee wenzake, kasoma mara tatu. Kesho naomba kinyago kwa mzee jirani.